Chembe Inayojitoa Mhanga: Kufuli Sita Zinazozuia Moto wa Mwili

Kila mwili una moto wake. Ukiwaka kwa kiasi hutuponya. Ukipita kiasi huua. Katika makala haya tunaeleza jinsi chembe za mwili zinavyoufungia moto huo, jinsi kijidudu cha maji machafu kinavyozichezea kufuli hizo, na kwa nini mzazi hafai kungoja kupambazuke mtoto anapochemka usiku.

Mpenzi msomaji, kama umewahi kuishi Kisauni, Likoni au Changamwe, huna haja ya kuelezwa jinsi mbiu ya moto inavyolia. Ni usiku wa manane, mtaa umelala, mara unasikia yowe: "Moto! Moto jamani!" Watu hukurupuka kama walivyo, huyu na ndoo, yule na beseni, mwingine na karai la mchanga. Nyumba zimebanana, paa la huyu linagusa paa la yule, na gari la zimamoto bado linatafuta kichochoro cha kupitia. Hapo ndipo mtu mzima mmoja hutoa amri inayomshangaza mgeni: ivunjeni nyumba ya pili! Mabati hung'olewa, makuti huvutwa chini, ili moto ukose pa kurukia. Mwenye nyumba hulia, lakini mtaa hupona.

Jambo la namna hiyo hutokea pia ndani ya mwili wako. Chembe moja ikigundua kwamba adui amepenya ndani yake, huweza kujivunja yenyewe, na inapovunjika hupiga yowe la kuwaita walinzi. Huko ndiko kujitoa mhanga. Lakini kuna swali ambalo limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka 30: ikiwa chembe nyingi za mwili zimebeba kiberiti na mafuta ya taa ndani yake, mbona hatuungui kila siku? Jibu ni kwamba kiberiti hicho kimefungiwa, tena si kwa kufuli moja.

KUFA KIMYA NA KUFA KWA MAYOWE

Kwanza ni vyema ifahamike kwamba kufa kwa chembe si ajabu. Kila siku mabilioni ya chembe za mwili hufa na nafasi zao huchukuliwa na nyingine. Kifo cha kawaida ni cha kimya. Chembe hujikunja, hujikatakata vipande vidogo vilivyofungwa vizuri, na majirani huvimeza. Hakuna uvimbe, hakuna homa, wala hakuna anayejua kulikuwa na msiba. Wataalamu hukiita apoptosisi.

Kifo cha pili ni cha mayowe. Chembe hujitoboa matundu katika utando wake, hufura, kisha hupasuka na kumwaga nje kila kilichokuwa ndani. Pamoja na vitu hivyo hutoka wajumbe maalumu wa kemikali ambao hukimbia na kutoa habari. Mishipa ya damu hupanuka, askari weupe wa damu hukusanyika, mahali hapo huvimba na kuwa pekundu, na ujumbe ukifika kwenye ubongo joto la mwili hupanda. Hiyo ndiyo homa unayoihisi unapoweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto.

Kifo hiki cha pili huitwa pairoptosisi, jina lililotungwa mwaka 2001 na Brad Cookson na Molly Brennan wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya moto na kuanguka. Hata hivyo kilikuwa kimeonekana kabla ya hapo. Mwaka 1992 Arturo Zychlinsky na wenzake katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris walichunguza chembe nyeupe zilizoingiliwa na shigela, bakteria anayeleta tumbo la kuhara damu. Waliziona chembe zikifa, wakadhani ni kile kifo cha kimya. Ilichukua miaka kadhaa kutambua kwamba walikuwa wameshuhudia jambo jingine kabisa.

Utauliza, msomaji, mayowe haya yana faida gani? Faida ni kubwa. Bakteria kama salmonela hupenda kukaa ndani ya chembe nyeupe kama mpangaji mwizi. Humo ndani askari wengine hawamwoni, na hata baadhi ya dawa hazimfikii vizuri. Nyumba ikivunjwa, mwizi hujikuta barabarani bila pa kujificha, na umati umekwisha fika.

DAKTARI ALIYESOMEA NAIROBI

Huenda ukadhani habari hizi ni za Wazungu na Wachina peke yao. La hasha! Mmoja wa vinara wa elimu hii ni mzaliwa wa Kenya, Dkt Vishva Dixit, aliyehitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1980. Kutoka hapo alivuka bahari hadi Marekani, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Michigan, na mwaka 1997 akajiunga na kampuni ya dawa ya Genentech karibu na San Francisco. Huko ndiko yeye na wenzake, hasa mtafiti Nobuhiko Kayagaki, walikofumbua mafumbo kadhaa ya kifo cha mayowe.

Fumbo la kwanza lilikuwa kama kesi ya mtu aliyefungwa kwa kosa la mwenziwe. Tangu mwaka 1995 wataalamu walikuwa wakitumia panya wa maabara waliozaliwa bila protini iitwayo kaspezi-1. Panya hao walidungwa sumu inayotoka katika ngozi ya bakteria, kwa kiasi ambacho humwua panya wa kawaida, nao wakaishi. Kila mtu akasema basi kaspezi-1 ndiye mwuaji. Mwaka 2011 kundi la Dkt Dixit lilifufua kesi. Liligundua kwamba panya wale, kwa bahati ya ukoo wao, walikuwa wamekosa pia protini ya pili, kaspezi-11. Walipotenganishwa wale wasio na moja na wale wasio na nyingine, ilibainika kwamba katika mkasa wa sumu ile mhusika mkuu alikuwa kaspezi-11. Kwa miaka 16 lawama ilikuwa imebebwa na mwingine. Sisi wanadamu tuna ndugu zake wawili, kaspezi-4 na kaspezi-5.

Kaspezi ni kama makasi. Swali likawa: makasi hayo hukata nini hata chembe ipasuke? Mwaka 2015 makundi mawili yalitoa jibu kwa wakati mmoja, la Dkt Dixit kule Marekani na la Feng Shao jijini Beijing. Kinachokatwa ni protini iitwayo gasdamini D. Hii ndiyo inayotoboa matundu. Tangu siku hiyo, kazi ya wataalamu imekuwa kuelewa jinsi mwili unavyoishika gasdamini na wenzake mkono, wasifanye fujo wakati wa amani.

KUFULI ZENYEWE

Tuzihesabu basi kufuli kuu, moja baada ya nyingine. Sita zitatutosha.

Kufuli ya kwanza ni kutoweka silaha mezani. Baadhi ya walinzi wa chembe, kama yule anayejulikana kwa herufi NLRP3, huwa wachache mno wakati wa amani. Ni lazima ishara ya kwanza ya hatari ifike ndipo chembe iwatengeneze kwa wingi. Hata wakiwa tayari hawaruhusiwi kufanya lolote hadi ishara ya pili ije, kwa mfano chumvi ya potasiamu inapovuja kutoka ndani ya chembe. Onyo moja halitoshi kuchoma nyumba. Wakati mwingine mlinzi huyu hudanganyika. Mwaka 2006 ilielezwa kwamba vijiwe vya asidi ya yuriki, vile vinavyowapa watu jongo kwenye kidole gumba cha mguu, humwamsha mlinzi huyu kana kwamba bakteria amevamia. Ndiyo maana mwenye jongo huvimba na kuungua ilhali hana kidonda wala kijidudu.

Kufuli ya pili ni alama. Umeona nyumba zilizopigwa X nyekundu kando ya barabara zinazopanuliwa. Kila mpita njia anajua tingatinga liko njiani. Chembe nayo ina alama yake, protini ndogo iitwayo yubikwitini. Mlinzi akibandikwa mnyororo wa alama hizo, huburutwa hadi kwenye kinu cha chembe na kusagwa. Namna nyingine ya mnyororo huo haimwui bali humwamuru afanye kazi. Kwa hiyo kuna mafundi wa kubandika na mafundi wa kubandua, na amani ya chembe hutegemea wao kusikilizana. Mmoja wao ni A20, ambaye kundi la Dkt Dixit lilionyesha mwaka 2004 kwamba huweza kubandua alama ya kazi na kubandika ya kuvunjwa. Mwaka 2016 ilielezwa kwamba watu waliozaliwa na nakala moja tu nzima ya jeni ya A20 hupata homa za mara kwa mara, vidonda vya mdomoni na uvimbe mwilini, tangu utotoni. Kufuli moja ikilegea, mtoto huungua maisha yake yote.

Kufuli ya tatu ni makasi yaliyofumbwa. Kaspezi hutengenezwa zikiwa butu, tena zimetawanyika. Haziwezi kukata hadi zikusanywe mahali pamoja, na kwa kaspezi-1 mahali hapo ni jukwaa linalojengwa na walinzi walioamshwa. Zikikutana hapo hunoana. Chembe isiyo na jukwaa ina makasi mengi na hakuna hata moja linalokata.

Kufuli ya nne ndiyo nzuri kuliko zote. Gasdamini D imeumbwa kwa vipande viwili vilivyoungwa kwa uzi. Kipande kimoja ni panga, cha pili ni ala yake. Panga likiwa ndani ya ala halimdhuru mtu. Kaspezi inapoukata ule uzi, panga huchomoka, hukimbilia kwenye utando wa chembe, na mapanga kama 33 hivi hujipanga duara na kufanya tundu. Kupitia tundu hilo wajumbe wa homa hutoka nje. Bila kukatwa uzi, hakuna tundu.

Kufuli ya tano ni fundi wa viraka. Unaweza kudhani kwamba chembe ikishatobolewa ndio mwisho wake. Sivyo. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba maji ya nje yanapoingia na chumvi ya kalisiamu, mafundi wa chembe huamka, hukikata kipande cha utando kilichotoboka, hukitupa nje na kuziunganisha kingo, kama fundi wa jahazi anavyong'oa ubao uliotoboka kabla chombo hakijazama. Chembe yenye matundu machache huweza hivyo kutuma ujumbe wake na bado ikaishi.

Kufuli ya sita ni ya mwisho kugunduliwa. Kwa miaka mingi kila mtu aliamini kwamba chembe iliyotobolewa hupasuka tu yenyewe, kama puto lililojaa maji. Mwaka 2021 Kayagaki, Dixit na wenzao walitangaza kwamba hata kupasuka kuna msimamizi wake. Ni protini ndogo iitwayo ninjurini-1, iliyokuwa ikijulikana kwa habari za mishipa ya fahamu iliyoumia. Wakati wa amani hukaa imetawanyika kwenye utando. Saa ikifika, ninjurini hushikana mikono na kuuchana utando. Chembe za panya wasio na ninjurini zilikufa, lakini zilibaki zimefura bila kupasuka. Na panya hao waliposhikwa na bakteria wa matumbo walilemewa zaidi kuliko wenzao. Kumbe yowe likizimwa kabisa, mwizi hufurahi.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii, msomaji. Mwili haukuumbwa kuuzima moto wake daima, wala haukuumbwa kuuachilia. Umeumbwa kuufungua kwa hatua, na kila hatua ina pa kurudia.

MWIZI ANAYETUMIA KUFULI ZETU

Sasa turudi mitaani kwetu. Maji ya mfereji yanayotoka Baricho, Mzima na Marere hayatoshi mji wote wa Mombasa, na wakazi wengi wa Kisauni na Likoni hutegemea visima na mikokoteni ya mitungi. Ardhi yetu ni mchanga na mwamba wa matumbawe wenye nyufa nyingi. Choo cha shimo kikichimbwa karibu na kisima, yaliyomo chooni hupata njia hadi kwenye ndoo. Hakuna mwenye nia mbaya; ni kiwanja kidogo na watu wengi.

Katika maji kama hayo shigela hustawi. Tena hahitaji jeshi. Bakteria wasiozidi 100, na pengine 10 tu, wanatosha kumlaza mtu kwa tumbo la damu. Hupita kwa mkono usionawa, kwa nzi, kwa tunda lililooshwa maji ya kisima. Akiingia katika chembe za utumbo, mbiu ingepaswa kulia. Lakini shigela ana hila.

Mwaka 2021 wataalamu walieleza hila hiyo. Shigela hudunga ndani ya chembe protini yake iitwayo IpaH7.8, na kazi ya protini hiyo ni kuibandika gasdamini yetu alama ya yubikwitini. Umeelewa, msomaji? Mwizi havunji mlango. Anachukua rangi nyekundu ya serikali, anampiga X mlinzi, na tingatinga letu wenyewe linakuja kumvunja mlinzi wetu. Mwaka huo huo ilielezwa pia jinsi silaha nyingine ya shigela inavyolemaza kaspezi-4, yaani makasi yenyewe. Ndipo hujipatia nafasi ya kuzaana ndani ya chembe zetu kimyakimya.

Na kwa nini panya wa jalalani hawahangaiki na shigela kama watoto wetu? Sababu moja ni kwamba ile IpaH7.8 haiitambui gasdamini D ya panya. Imenoa ufunguo wake kwa kufuli za binadamu. Kwa hiyo ugomvi huu ni wetu sisi na yeye, wa siku nyingi, na hila zake amejifunza humu humu matumboni mwetu.

MTAA MZIMA UNAPOSHIKA MOTO

Nyanya yangu mzaa mama, aliyeishi Likoni, hakuwa na kipimajoto. Mtoto akishikwa na homa alimgusa kwanza kichwani kisha miguuni. Kichwa moto na miguu moto, alitafuta maji na kitambaa. Kichwa moto na miguu baridi, alichukua buibui lake pale pale, hata kama ni saa nane za usiku, na hakuna aliyethubutu kumwambia asubiri asubuhi. Wakati huo nilidhani ni ukali wa wazee. Leo madaktari wanatufundisha kwamba miguu baridi kwa mtoto mwenye homa ni dalili kwamba damu haizunguki vizuri. Nyanya alikuwa akipima jambo zito bila kulijua jina lake.

Jina lake ni sepsisi. Bakteria wakishaingia katika damu, sumu ya ngozi zao hufika kila mahali, na kaspezi za chembe nyingi hufunguliwa kwa pamoja. Badala ya nyumba moja kuvunjwa ili mtaa upone, kila mwenye nyumba anavunja ya kwake na kupiga yowe. Mishipa ya damu huvuja, presha hushuka, damu huganda pasipofaa, na figo, mapafu na ubongo hukosa hewa. Dawa huweza kuwaua bakteria, lakini maiti zao bado zina ile sumu, na moto uliokwisha shika hauzimiki kwa sababu tu aliyeuwasha amekufa.

Hili si jambo la vitabuni. Jirani zetu wa Kilifi wana kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoanza mwaka 1989. Kati ya Agosti 1998 na Julai 2002 watafiti wake walipima damu ya watoto zaidi ya 19,000 waliolazwa katika hospitali ya Kilifi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yaliwashtua wengi waliodhani kila homa ya Pwani ni malaria. Zaidi ya robo ya vifo vyote vya watoto wodini vilihusika na bakteria ndani ya damu, salmonela akiwa miongoni mwa wakosaji wakubwa. Kati ya watoto 100 wenye bakteria katika damu, 28 walifariki. Kati ya 100 wasio nao, 6. Na wengi wa waliofariki hawakumaliza hata siku mbili hospitalini. Walikuwa wamefikishwa moto ukiwa umekwisha kula paa.

Je, si rahisi basi kutengeneza dawa ya kuuzima moto huo? Imejaribiwa. Katika miaka ya 1990 wagonjwa wa sepsisi walipewa dawa ya kumziba mdomo mmoja wa wajumbe wakuu wa homa, na majaribio makubwa hayakuonyesha kwamba iliokoa maisha. Funzo jingine lilikuja mwaka 2020 wakati wa korona. Jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza uvimbe, ilipunguza vifo kwa thuluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliopumua kwa mashine. Lakini kwa wale ambao hawakuhitaji hata oksijeni, haikuleta nafuu yoyote. Dawa ni ile ile. Kilichotofautiana ni saa. Ukimwaga maji kabla moto haujavuka mpaka, unamzima mlinzi aliye kazini.

WEWE MZAZI UFANYE NINI

Hatuwezi kuzigusa kufuli za chembe kwa mikono yetu, lakini tunaweza kupunguza wanaozijaribu, na tunaweza kuwahi.

Kwanza, maji. Yawe ya kisima au ya mkokoteni, yachemshe hadi yatokote au yatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Nawa kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumtawaza mtoto, na kabla ya kupika. Kwa adui anayehitaji bakteria 10 tu, sabuni ni silaha kubwa kuliko unavyodhani.

Pili, jua dalili zisizongoja. Mtoto mwenye homa ambaye hawezi kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri, anayepumua haraka au kwa shida, mwenye miguu na mikono baridi, au anayeharisha damu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa yoyote apelekwe hata kama anaonekana mzima. Na mtoto huyo mchanga akiwa baridi kuliko kawaida, hilo nalo ni la kukimbilia.

Tatu, panga safari kabla ya ugonjwa. Uliza leo ni kituo gani cha mtaani kwenu kinachofunguliwa usiku. Mkazi wa Likoni ana hospitali ya umma upande wake wa kivuko, na wa Changamwe yuko karibu na Port Reitz. Si lazima kila mgonjwa aanze kwa kuvuka kwenda kisiwani. Weka nambari ya mwenye tuktuk unayemwamini.

Nne, usinunue antibaiotiki vidonge vitatu vitatu dukani kwa sababu jirani alipona navyo. Nusu dozi huwaua bakteria wanyonge na kuwaacha sugu. Panadoli humpa mtoto nafuu ya joto, lakini haimwui bakteria; homa iliyoshuka kwa panadoli bado inahitaji kuchunguzwa ikirudi.

Tano, jihadhari na vile vidonge vinavyouzwa kwa siri vya kunenepesha mwili. Vingi vina deksamethasoni ile ile tuliyoitaja. Anayeimeza kila siku bila daktari anawanyamazisha walinzi wake ili apate mashavu, na siku mwizi atakapokuja hakutakuwa na wa kupiga yowe.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Homa ya mwanao ni mbiu. Si adui wa kuzimwa harakaharaka ili watu walale, wala si kelele za kupuuzwa. Ni chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, zilizofungua kufuli zao moja baada ya nyingine na kuvunja nyumba zao ili mtaa usalimike. Zimefanya sehemu yao. Iliyobaki ni ya mtu mzima aliye karibu: aamke, amguse mtoto kichwani na miguuni, na kama miguu ni baridi, avae atoke.